Mwanangu kaninunulia Kindle, na chumbani nina katoni 11 za vitabu

Hujambo shangazi?

Mimi ni mama wa miaka 49, karani wa hesabu katika afisi moja hapa Upper Hill, na ninaishi Umoja. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wenzangu wenye shida za waume na wakwe, nikajiambia langu ni dogo mno. Lakini sasa linaninyima usingizi, kwa hivyo naomba unisikilize.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa vitabu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa reli. Tuliishi Makongeni, watoto watano chumba kimoja, lakini juu ya kitanda kulikuwa na rafu aliyoipigilia misumari yeye mwenyewe. Jioni alisoma akiwa na penseli ya useremala mkononi, ile bapa yenye rangi nyekundu, na akifikia neno lililomgusa alilipigia mstari. Alipofariki mwaka 2009 ndugu zangu waligawana redio, baiskeli na kipande cha shamba. Mimi niliomba vitabu. Vilikuwa 23.

Tangu hapo nimeviongezea. Kila Jumamosi nikishuka mjini napita kwa mzee mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, si mbali na Tom Mboya. Miaka 17 sasa ananijua kwa jina. Akipata kitabu anachojua kitanifurahisha, anakificha chini ya gunia mpaka nifike. Kwa shilingi 150 au 200 narudi nyumbani nikiwa na cha kusoma.

Halafu tuna chama chetu, wanawake watano. Kitabu kimoja kinatuzunguka sote. Ukikimaliza unaandika jina lako na tarehe ndani ya jalada la nyuma, unampa anayefuata. Tukishakimaliza sote tunakutana kwa mmoja wetu, chai na mandazi, tunakijadili mpaka giza linaingia. Kuna vitabu ambavyo jalada limejaa mpaka tumeanza kuandika pembeni.

Sasa shida yenyewe. Mwenye nyumba amepandisha kodi, siiwezi tena. Mwisho wa mwezi huu nahamia nyumba ndogo Kahawa West, chumba kimoja cha kulala na sebule ya kupitia. Nilipopakia vitabu nilipata katoni 11. Dadangu aliyekuja kunisaidia kufunga mizigo aliziangalia akasema, "Hizi karatasi zitakulaza nje."

Mwanangu wa kwanza anafanya kazi Doha. Alipokuja likizo Desemba aliniletea Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali. Akakaa nami kwenye kochi akanionyesha: "Mama, humu ndani vinaingia maelfu. Toa hizo karatasi zote upumue." Najua alisema kwa upendo, na najua pesa za kule zinavyopatikana. Lakini tangu Desemba imo kwenye droo, ndani ya kiboksi chake. Kila Jumapili akipiga simu ananiuliza, "Mama, umesoma nini wiki hii?" Namjibu kwamba nasoma polepole. Ni uongo, na unaniuma.

Nikikishika kile kifaa naona kama namsaliti baba. Namfikiria na yule mzee: wanunuzi kama mimi tukimwacha, atakula nini? Na chama je? Kitabu kikiwa ndani ya mashine ya mtu mmoja, mwenzake atakipataje? Kuna kijana wa afisini aliyenitumia riwaya 40 za Kiswahili kwenye WhatsApp, zote PDF, za bure. Nilijaribu kufungua moja kwenye simu nikaumwa na kichwa.

Sijui kama ni mawazo haya au ni uchovu tu, lakini tangu mwaka jana sijamaliza kitabu hata kimoja. Kuna riwaya ya Kiingereza, ya mwandishi wa Nigeria, niliyonunua kwa mzee mwezi wa nane. Mpaka leo niko ukurasa wa 41. Usiku nikikaa chini ya balbu herufi zinachezacheza, nasogeza kitabu mbali, nakirudisha karibu, mwishowe nasinzia. Na kwenye mkutano wetu uliopita nilichangia maoni juu ya kitabu ambacho sikukisoma. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa aibu.

Shangazi, niviuze vyote nihamie kwenye kifaa, au nimrudishie mwanangu zawadi yake?

Mama wa katoni 11,
Umoja

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza katoni zilinijaa machoni kama zilivyokujaa wewe. Mara ya tatu ndipo nilipoliona lile uliloliandika karibu na mwisho kama jambo la kupita tu: unasogeza kitabu mbali, unakirudisha karibu, herufi zinacheza, unasinzia. Hayo si mawazo, na sidhani ni uchovu. Ni macho yako.

Kuanzia miaka ya 40 hivi lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu. Haijipindi tena kwa wepesi inapotakiwa kuangalia kitu cha karibu. Humpata kila binadamu, msomi na asiyejua kusoma, na si kosa la mtu yeyote. Mimi ilinianza nikiwa na miaka 44. Nilianza kumpa binti yangu sindano anitungie uzi, na kwa mwaka mzima sikumwambia kwa nini. Kwa hivyo ninakuelewa unapomwambia mwanao kwamba unasoma polepole.

Basi kabla ya katoni na kabla ya Kindle, nenda ukapimwe macho, wiki hii kama unaweza. Kikuyu, katika hospitali ya PCEA, wana kitengo cha macho kinachojulikana nchi nzima. Loresho iko hospitali ya macho ya Lions. Hata kliniki ya macho iliyo karibu nawe yaweza kukufaa, mradi anayekupima ni mtaalamu. Usikimbilie miwani ya kuning'inizwa barabarani, hata kama ukiijaribu herufi zinatulia. Miwani hiyo itakuonyesha maandishi, lakini haitakuambia kama una presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona pole pole bila maumivu, wala kama sukari imeanza kuharibu jicho kwa ndani. Mwambie anayekupima akupime na hiyo presha. Una miaka 49, huu ndio umri wa kuuliza.

Nimelianza hili kwa sababu naona umebeba lawama isiyo yako. Umekuwa ukifikiri kwamba mapenzi yako ya vitabu yamepoa, au kwamba kile kifaa kwenye droo kimekutia nuksi. Hukuacha kusoma. Umekuwa ukisoma kwa macho yanayoomba msaada, usiku, chini ya balbu ya dari, baada ya kushinda mchana kutwa na tarakimu za afisini.

Sasa itoe hiyo Kindle kwenye droo.

Nadhani umeichukulia kuwa simu kubwa, na kwa kuwa simu ilikuumiza kichwa ukaona na hii ni yale yale. Sivyo. Kioo cha simu huwaka kwa ndani, mwanga wake ukaja moja kwa moja machoni. Hiki chako kinatumia kinachoitwa wino wa kielektroniki. Ndani ya kioo mna vijifuko vidogo mno, upana wake kama unywele, na katika kila kimoja mna chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji ya umeme. Umeme ukipita, nyeusi hupanda juu mahali pa herufi na nyeupe hupanda mahali pa karatasi. Kisha zinatulia pale pale bila kula umeme tena, mpaka ufungue ukurasa unaofuata. Ndiyo maana chaji moja hukaa wiki kadhaa, na ndiyo maana unaweza kukisoma juani, kwenye benchi la stage, kama unavyosoma gazeti. Taa yake, na nyingi za siku hizi zina taa, imewekwa pembezoni mwa kioo ili imulike juu ya ukurasa. Haikumuliki wewe. Stima ikipotea usiku, utaendelea na sura yako bila kutafuta mshumaa.

Ukifungua ukurasa, mara nyingine kioo kitapepesa, kitu kama kope kufumba na kufumbua. Usidhani kimeharibika, ni zile chembe zinazojipanga upya.

Ila jambo ambalo lingenifanya nikununulie mimi mwenyewe kama mwanao hangekuwa amenitangulia ni hili: gusa sehemu ya juu ya kioo, itatokea alama ya Aa. Bonyeza hapo. Herufi zitakua kadiri utakavyo. Zikuze mpaka usilazimike kusogeza chochote mbali wala karibu, hata kama ukurasa mmoja utabakiwa na mistari 10. Hakuna anayekuhesabia. Kitabu cha karatasi kilichapishwa kwa ukubwa mmoja, kwa macho ya wote. Hiki kinakufuata wewe. Na ukikutana na neno la Kiingereza lisiloeleweka, likandamize kwa kidole, maana yake itatokea papo hapo. Kwa Kiswahili usitarajie huduma hiyo, kwa hivyo kamusi yako ya karatasi usiifungie katoni ya chini kabisa.

Nimekisifu, na sasa nikuambie kile ambacho mwanao labda hakijui, kwa sababu ndicho kinachoamua habari ya katoni.

Ukinunua kitabu kwenye Kindle, hukinunui kama unavyokinunua kwa yule mzee. Unalipia ruhusa ya kukisoma. Ruhusa hiyo ni yako peke yako: masharti hayakupi nafasi ya kuiuza wala kumhamishia mtu. Na aliyetoa ruhusa bado ana mkono ndani ya kabati lako. Mwaka 2009 Amazon, kampuni inayouza Kindle na vitabu vyake, ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Watu walirudishiwa pesa na wakaombwa radhi, lakini waliamka wakakuta kitabu hakipo. Microsoft nayo ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka. Nako walirudishiwa pesa, si vitabu. Mwezi wa Februari 2025 Amazon iliondoa ile njia ya kupakua kwenye kompyuta kitabu ulichonunua, kisha kukihamishia kwenye Kindle kwa waya.

Sikuambii haya nikutishe. Riwaya unayotaka kuisoma mara moja ukapita, ruhusa inatosha kabisa. Lakini jiulize mwaka 2009 ungewaomba nini ndugu zako kama vitabu vya baba vingekuwa ndani ya akaunti. Usingepata hata kimoja. Usingepata ile mistari ya penseli bapa inayokuonyesha mpaka leo mahali alipokuwa akitua na kupumua. Hiyo penseli, mwanangu, ndiyo urithi. Kwa hivyo vile 23 haviuzwi, havitolewi, na wala hukuwa na haja ya kuniuliza. Vinaingia katoni moja. Katoni moja haiwezi kumlaza mtu nje.

Na kuwasha Kindle si kumsaliti. Mtu aliyejipigia rafu kwenye chumba cha watu saba hakuwa akiipenda karatasi. Alikuwa akipenda kilichoandikwa juu yake, akatumia alichokuwa nacho.

Weka pamoja na hivyo 23 vile vya chama vyenye majina yaliyojaa jaladani. Nimejaribu kuliona hilo jalada: miandiko mitano, kalamu tofauti, tarehe zinazofuatana, na pengine mahali ambapo mmoja wenu alichelewa miezi mitatu kwa sababu alikuwa na mgonjwa. Kitabu cha namna hiyo ni kumbukumbu ya maisha yenu na hakina nakala popote.

Vilivyobaki ndivyo vya kupembua, na hapa usipembue kwa moyo peke yake. Kila kitabu cha Kiswahili, kabla hujakitoa, kitafute kwanza kwenye duka la Kindle. Vingi hutavikuta. Riwaya, tamthilia na diwani zetu nyingi, hasa za miaka ya 1970 na 1980, hazijawahi kutolewa kwa njia ya kidijitali, na nyingine hazichapwi tena hata kwa karatasi. Baadhi ya wachapishaji wetu wana vitabu vya kidijitali, lakini mara nyingi vinasomwa kwenye simu au kompyuta kwa programu zao wenyewe, na simu tumeshaona ilivyokufanya. Kitabu cha Kiswahili usichokipata kwingine, kibakize. Ukikitoa leo kwa ajili ya nafasi, kesho utazunguka mji mzima ukikitafuta na hutakiona.

Vya Kiingereza ndivyo vitakavyokupunguzia mzigo. Zile riwaya za kijasusi, za mapenzi, za mahakamani, vile vitabu vya namna ya kufanikiwa: karibu vyote viko kwenye kifaa, na vingine vilivyoandikwa zamani ni bure kisheria kwa sababu hakimiliki imekwisha. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000 vya aina hiyo. Mwombe mwanao akuonyeshe namna ya kuvituma kwenye Kindle kwa barua pepe. Tangu 2022 inapokea hata vile vya EPUB, aina ya faili inayotumika sana kwa vitabu vya kidijitali. Sijui ni katoni ngapi zako zilizo za Kiingereza, lakini kwa kusikia tu kwamba unanunua kwa mitumba, nadhani hazipungui sita.

Na hizo sita unajua pa kuzipeleka. Mpelekee mzee wako. Umejiuliza atakula nini ukiacha kununua, na wewe una katoni za mali anayoijua kuiuza kuliko mtu yeyote Nairobi. Mwambie unahama. Mkubaliane, akupe anachoweza, au akulipe kwa vitabu kidogo kidogo, viwili vyako kwa kimoja chake. Vya Kiswahili endelea kuvinunua kwake, maana kifaa hakiuzi alivyonavyo chini ya gunia. Vitakavyobaki, hasa vya watoto, jaribu maktaba ya Makadara au ya Kaloleni, matawi ya Maktaba ya McMillan ya jijini yaliyokarabatiwa vizuri miaka ya karibuni. Uliza kwanza wanahitaji nini. Maktaba haitaki kutupiwa kile ambacho mtu ameshindwa kukihifadhi.

Zile PDF 40 zifute. Nitasema bila kuzungusha. Mwandishi wa Kiswahili hapa kwetu anaishi kwa asilimia ndogo ya bei ya kila nakala, na nakala zenyewe hazinunuliwi nyingi. Mtu anapokipiga picha kitabu chake ukurasa kwa ukurasa na kukizungusha kwenye vikundi, anamnyang'anya, na sheria ya hakimiliki ya 2001 inamlinda mwandishi huyo. Wewe unayeogopa kumnyima chakula mwuza vitabu, mfikirie na aliyeviandika. Na hata ukiacha sheria, hazitakusaidia: nyingi ya hizo PDF ni picha za kurasa. Ukizikuza herufi, sentensi inatoka nje ya kioo, unabaki kuvuta ukurasa kushoto na kulia kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Kile kichwa kilichokuuma kilikuwa na sababu.

Kuhusu kulipa, kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay iliyoanza mwaka 2022 inakupa kadi ya Visa ya ndani ya simu, na pesa zinatoka M-Pesa yako. Pakua sampuli ya bure kwanza, usome kurasa za mwanzo, ndipo ununue. Weka nambari ya siri kwenye kifaa, na kwenye matatu usikae dirishani ukiwa nacho; kwa mbali kinafanana na tableti, na wanyakuzi wa foleni ya Globe unawajua. Kishonee mfuko wa leso, kitakaa vizuri mkobani.

Nije kwenye chama, kwa sababu hapo ndipo aibu yako ilipo.

Chama kiendelee na karatasi. Kitabu kizunguke kama kilivyozunguka miaka yote. Lakini zamu yako ikifika, kama kitabu hicho kipo kwenye Kindle, kisome humo kwa herufi zako kubwa, kile cha karatasi kikiwa mezani kando yako. Ukimaliza, fungua jalada la nyuma uandike jina na tarehe, kwa sababu utakuwa umekisoma kweli. Kama hakipo kwenye kifaa, soma kwa miwani yako mpya, mchana, karibu na dirisha.

Na mkikutana, waambie. Sikuambii usimame uungame kama kanisani. Sema tu, "Mwezi ule kitabu sikukisoma, macho yalinishinda." Umri wenu nadhani haupishani sana. Sitashangaa kimya kikishuka, halafu mmoja aseme, "Hata mimi." Watano wenye umri huo hamwezi kuwa mmoja tu anayesogeza kitabu mbali. Pengine kuna mwenzenu ambaye amekuwa akinyamaza kwenye mijadala na nyinyi mkidhani ana mambo nyumbani. Mshike mkono mwende Kikuyu pamoja.

Mwanao usimrudishie zawadi. Hilo lingemuumiza, na hajakosea. Kitu pekee alichokosea ni kudhani kwamba kifaa na katoni havikai nyumba moja, na hilo alilisema kwa kuwa alikuona umebanwa. Jumapili hii akipiga simu umwambie ukweli wote: kwamba imekaa kwenye droo, kwamba ni macho, kwamba unaenda kupimwa. Atajilaumu kidogo kwa kutogundua, mtulize. Halafu msomee kitu kutoka kwa kimoja cha vile 23, mahali pa mstari wa babu yake. Sidhani kama amewahi kuusikia.

Siku ya kuhama, vitabu visifungwe kwenye katoni kubwa za televisheni, zitapasuka chini. Tumia za mafuta ya kupikia, na ukifika Kahawa zilaze juu ya mbao, zisiguse sakafu ya saruji, kwa ajili ya unyevu. Ya baba ibebe mwenyewe kwenye kiti cha mbele.

Na ile riwaya ya Nigeria, itafute leo jioni kwenye duka la Kindle. Wachapishaji wa nje siku hizi hutoa nakala ya kidijitali ya karibu kila riwaya mpya, kwa hivyo nina imani utaiona. Usitafute ukurasa wa 41, kwa sababu herufi ukizikuza kurasa hazitalingana na za kitabu chako. Fungua cha karatasi, soma sentensi ya mwisho unayoikumbuka, kisha uandike maneno mawili matatu ya hiyo sentensi kwenye kitafutio. Kitakupeleka pale pale ulipoachia.

Shangazi